Tunabadilisha Zipi

Ubao wa duka la yule fundi cherehani ulitaja kazi kumi na moja: suti, magauni, mapazia, kofia, hata kushona miavuli. Zipu ilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, maana aliionea haya. Mtaa ulimwita Fundi wa Yote, naye miaka yote aliamini anasifiwa. Akikumbushwa kuwa mshika mbili moja humponyoka, alijibu kwamba methali hiyo haimhusu, yeye kashika kumi na moja.

Ukutani palikuwa na misumari miwili mikubwa, mmoja wa nguo zilizokwisha, mwingine wa zilizorudishwa na wenyewe. Asubuhi moja binti yake, aliyeshona naye tangu amalize shule, hakuketi. Alisimama na mkoba begani.

"Baba, Jumatatu naanza kazi kwa yule mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Nimechoka kuwaomba watu radhi."

"Radhi ya nini tena, mwanangu?"

"Hebu tazama misumari."

Akatazama. Wa kwanza ulikuwa na suruali, makoti na mikoba, vyote vilivyobadilishwa zipu. Wa pili ulikuwa umepinda kwa uzito. Palikuwa na suti yenye mkono mmoja mfupi, ambayo alimwambia mteja kasoro iko begani mwake, na kofia iliyokataa kila kichwa. Mwavuli nao ulivuja pale pale alipoushona. Zipu haikuwepo hata moja. Fundi akajicheka, kisha kicheko kikamkauka. Kupoteza wateja alishazoea, lakini kumpoteza binti kulimuuma kwelikweli.

Binti alipovuka barabara kwenda kuangalia mashine yake mpya, fundi akachukua rangi, akafuta kazi zote kumi na moja, akaandika moja tu. Kuandika ubao, ikumbukwe, hakukuwemo hata katika zile kumi na moja.

Binti aliporudi alisimama nje akasoma kwa sauti: "TUNABADILISHA ZIPI." Akashika kiuno. "Baba, hata herufi zimekushinda!"

Fundi, rangi hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke.

"Ila swali ni zuri," binti akaendelea. "Tunabadilisha zipi? Ungejiuliza miaka kumi iliyopita."

"Najiuliza leo, mwanangu. Usiende."

Binti akaishusha ile suti, akatundika mkoba wake kwenye msumari wa vilivyorudi, akavuta kiti.