Rejeta yangu inakunywa maji na mama mkwe yuko kwa gari

Kitengela hii, injini ikikohoa, hata mafundi hunipigia mimi simu kwanza.

Juzi niliwekewa rejeta mpya, ile ya kupoza injini. Bado kila asubuhi maji yake ya kijani imepungua, na chini ya gari hakuna tone. Wataalamu walishindwa. (Mtaalamu ni mimi.)

Leo nampeleka mama mkwe Bisil. Nimemkalisha mbele, kwa heshima.

Tukipita Kajiado akasema, "Baba Shiru, hapa miguuni kuko na maji ya moto."

Nikamjibu kwa upole wa profesa, "Mama, funga chupa yako ya chai vizuri."

Akageuza uso dirishani. Mnajua ile kugeuza uso ya mama mkwe.

Mbele kidogo injini ikachemka, tukasimama. Mama akavua kiatu, akaniinulia mguu. Soksi nyeupe imekuwa ya kijani.

Chai ya kijani huku kwetu hupikwa na nani, jameni?

Kumbe paipu ya hita, ile hupitisha maji ya rejeta, ilikuwa inavujia ndani, chini ya kapeti.

Sasa mama ameketi kwa jiwe, hatua chache kutoka kwangu. Nyinyi mngemwambiaje?

Mimi pole imenishinda kusema. Nimepigia bibi yangu simu Kitengela, ampigie mama yake, amwambie.