Rangi Nyeupe Kwenye Nati ya Nne

Saa moja asubuhi, Nerima Khaemba amelala chali chini ya mashine ya kuvuna mpunga katika gereji moja ya Katwe, Kampala, na viatu vyake tu ndivyo vinavyoonekana. Anazungusha beringi kwa mkono huku akiisikiliza. Ikikwaruza, inatolewa. Ikizunguka kimya, anaitia grisi na kuhamia kwenye nati.

Hapo anachukua spana ndefu ya kupimia, ile inayolia "tak" nguvu ikitosha. Zamani, baada ya mlio huo, alikuwa akichovya brashi na kupaka mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, ujue nati imesogea. Wenye mashine waliuamini mstari wa Nerima kuliko risiti.

Leo brashi haigusi. Ipo juu ya kopo dogo la rangi lililoletwa pamoja na mashine, inamngoja mtu mwingine.

"Hiyo rangi niliiharibu mwenyewe," anasema, akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Nikiiona tu, naona haya."

Nerima alikuja Kampala kutoka Bungoma akiwa msichana, akajifunza ufundi kwa mjomba wake. Leo ana watoto watatu, na jina lake ndilo lililokuwa mtaji wake.

Mwaka jana Julienne, mfanyabiashara Mkongomani anayekodisha mashine hii kwa wakulima, alifika akihimiza. Lori la kuibeba lilikuwa linanguruma nje, na wingu zito limetanda. Rangi haishiki kwenye chuma kilicholowa, kwa hiyo Nerima akageuza utaratibu. Alizipaka kwanza nati zote nne zinazoshika beringi kubwa, akidhamiria kuzikaza baada ya hapo.

Alikaza tatu, akiiunga upya kwa brashi mistari iliyokatika. Mvua ikashuka, akakimbia kufunika vyombo. Aliporudi akaona mistari minne, akawaambia wapakie.

Shambani nati ya nne ikafunguka na kudondoka. Beringi ikahama, ikala shafti inayozunguka ndani yake, mashine ikafa katikati ya mpunga ulioiva. Mvua ikaulaza mpunga wote. Julienne alipokagua, akakuta rangi nyeupe bado ipo kwenye chuma pale nati ilipokuwa.

"Alama ya Mama Nerima ilikuwa pale," anasema Julienne. "Nikasema basi, ni dereva aligonga kisiki. Nikamufukuza."

Dereva huyo, Dawudi, alikana mpaka sauti ikamkauka. Hakusikilizwa.

Na Nerima? Mashine iliporudishwa gereji alielewa mara moja, akanyamaza. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alinyamaza msimu mzima, huku Dawudi, aliyepoteza kazi, akibeba mikungu ya matoke soko la Nakasero.

La kuvunda halina ubani. Siku moja alikwenda sokoni kununua mboga, akakutana na Dawudi uso kwa uso. Dawudi hakumtukana. Alitua mkungu, akamsalimu kwa heshima, akamwita nyabo, yaani mama kwa Kiganda, akamuuliza swali.

"Nilimwambia, nyabo, wewe unajua mashine," Dawudi anakumbuka. "Niambie tu, mimi nilikosa wapi? Nikipata kazi ingine, nisikose tena."

Akifika hapo, Nerima hugeuza uso.

"Ananiuliza mimi! Mimi!" anasema. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mboga niliziacha hapo hapo."

Siku hiyohiyo alimpeleka Dawudi kwa Julienne, akasema yote mbele yao. Julienne alimrudisha dereva wake kazini. Kuhusu fundi, alimwachia Dawudi aamue kama aendelee kuitengeneza mashine, na Dawudi akatoa sharti moja.

"Yeye akaze," anasema Dawudi. "Rangi naweka mimi."

Saa nne Dawudi anafika kuichukua mashine. Wanasalimiana, kisha anachukua brashi na kuinama. Nati ya kwanza anaipaka, ya pili na ya tatu vilevile. Kwenye ya nne mkono unasimama.

"Kaza tena, nyabo. Nisikie."

Nerima anavuta spana. Tak. Dawudi anapaka mstari polepole, na fundi anatazama miguu yake mwenyewe.

Akiulizwa anatumaini nini, Nerima hataji gereji kubwa wala vyombo vipya.

"Sitaki aniite fundi hodari," anajibu. "Nataka tu msimu mmoja aje, hiyo ya nne aipake bila kuniambia nikaze tena."

Dawudi amemsikia, lakini msimu huo bado haujafika. Anafunika kopo la rangi, analitia mfukoni mwa ovaroli lake pamoja na brashi, kisha anapanda kwenye mashine.