Dada Alivyomtia Meneja Wake Redioni

Kila jioni akirudi kazini, dada yangu alifungua meza ya kupigia pasi, akaisimamisha sebuleni karibu na dirisha, akatandaza shati juu yake na pasi akaiweka pembeni. Waya wa pasi haukuchomekwa popote. Kisha alichomoa karatasi chini ya shati na kuanza kuandika, kasimama hivyohivyo. Mtu akipiga hodi, shati linarudi juu ya karatasi, naye anaanza kusukuma pasi ya baridi kama mtu aliyezidiwa na kazi. Jirani mmoja alikuwa hachoki kumsifu kwa Mama: "Binti yako nadhifu huyo, kila siku yuko na pasi!" Shati lilikuwa moja, lilelile, na mikunjo yake kama shingo ya kobe.

Alijificha kwa sababu ya kampuni. Dada alifanya kazi kwenye kampuni ya bima, idara ya madai. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu kwamba ni kweli nyumba yao imeungua, pole sana, ila haikuungua kwa namna inayolipwa. Aliiweza kazi hiyo. Wako watu waliojibu kushukuru. Na ukutani, karibu na mlango wa choo, kampuni ilibandika amri: mfanyakazi asifanye kazi nyingine yoyote nje, na kuandika kulitajwa waziwazi. Sijui nani aliwahi kuwaandika hadi wakaogopa hivyo.

Mlinzi wa amri hiyo alikuwa meneja wa idara, mtu ambaye marashi yake yalifika kabla yake. "Akili yako tumeikodi," alimwambia dada siku moja. "Huwezi kuipangisha kwa mwingine." Na huyuhuyu ndiye aliyempa dada kazi ya kumwandikia hotuba zake zote, barua ya mwanawe ya kuomba chuo, na salamu za siku ya kuzaliwa ya mkewe. Mke alilia alipozisoma. Meneja akaja mezani kwa dada kujigamba kwamba mkewe hakuwa akijua kama ana moyo laini vile. Asante hakusema. Asante ya nini, na akili amekwishaikodi?

Kila Jumatatu aliwaita watu wa idara yake chumbani kwake, mlango ukafungwa. Anawaambia hakuna nyongeza, au likizo zimesogezwa, halafu anaweka mkono kifuani na kumalizia: "Mimi ni mwavuli wenu. Ninyi mkauke, mimi nilowe." Hakuna aliyewahi kumwona amelowa hata jasho.

Dada akayachukua maneno yale akayapeleka redioni, ndani ya mchezo aliokuwa akiuandika pale kwenye meza ya pasi.

Mchezo wenyewe ulirushwa kila Jumamosi alasiri. Ulihusu wapangaji wa nyumba inayovuja na mwenye nyumba wao. Wapangaji wakilalamika kwamba wamelala na ndoo kitandani, mwenye nyumba anavuta pumzi, anasema: "Mimi ni mwavuli wenu. Ninyi mkauke, mimi nilowe." Nao wanajibu kwa pamoja: "Na paa je?" Basi, muziki unaingia. Watu waliupenda hadi ikawa kero. Muuza nyanya ukimwomba akupunguzie, anakuambia yeye ni mwavuli wako. Watu wa redio hawakumtaja mtunzi. Dada aliwaomba wasimtaje, nao walikubali haraka mno kwa maoni yangu, wakawa wanatangaza kwamba mchezo umetungwa na timu yao. Timu yenyewe ilikuwa sebuleni kwetu, imesimama nyuma ya pasi ya baridi.

Mama alijua, na hakupenda.

"Unajipalia makaa," alisema. "Huyo mwenye nyumba wako lazima aseme maneno ya bosi wako? Maneno yameisha duniani?"

"Mama, bosi hasikilizi redio. Anasema redio ni ya watu wasio na televisheni."

"Na wenzako?"

"Wenzangu wanajua kila kitu na hawasemi chochote. Ndiyo maana wana kazi."

Kuhusu meneja, dada alikuwa sahihi. Alichosahau ni kwamba mtu yule hawezi kuachana na kipaza sauti akishakishika.

Mwisho wa mwaka kampuni ilifanya sherehe, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuja na familia. Wakubwa wa makao makuu walikaa mbele. Dada alikuwa amemwandikia meneja hotuba fupi yenye adabu, naye akaisoma kwa sauti ya mtu anayekutana nayo kwa mara ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Mambo yangeishia hapo, lakini makofi yalimtekenya. Akakunja karatasi, akaweka mkono kifuani. Dada, aliyekuwa kando yangu, akashika ukingo wa kiti.

"Ndugu zangu," akasema meneja, "mimi ni mwavuli wenu."

Watu walidhani anataka kuwachekesha, wakamsubiri kwa hamu.

"Ninyi mkauke, mimi nilowe."

"Na paa je?"

Ukumbi mzima. Wake za wahasibu, watoto, walinzi mlangoni, na mkurugenzi mkuu mwenyewe, mzee wa watu, anajipiga paja na kufuta machozi. Meneja alifurahi. Alifurahi hadi akairudia! Wakamjibu kwa nguvu zaidi, wengine wakigonga meza. Ndipo mkewe alipomvuta koti na kumnong'oneza. Tabasamu likamtoka polepole, kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka.

Hakuhitaji mpelelezi. Maneno yale aliyasema chumbani kwake tu, na kati ya waliokuwa wakiyasikia, wengine hata ombi la ruhusa waliandikiwa na dada.

Jumatatu dada akaitwa. Mama akasema tunakwenda sote.

"Mama, mimi si mtoto wa shule."

"Ungekuwa wa shule ningekuchapa. Vaa viatu." Njiani akaendelea kumfundisha: "Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Huu hata kuunusa siwezi," dada akasema.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu Mama anaamini mzazi mwenye watoto nyuma yake huonewa huruma zaidi. Nilikwenda kuongeza huruma.

Ofisini Mama akampa meneja shikamoo, mtu wa umri wa kuwa mwanawe, naye akaitikia marahaba bila ukope kutikisika.

"Bosi, mwanangu amekosa," Mama akasema. "Ni ujana tu." Ujana wenyewe ulikuwa umeanza kuota mvi.

"Mama, mimi si mtu mbaya," akajibu meneja. "Ningemfukuza leo hii. Lakini ana kipaji, na mimi ndiye niliyekigundua. Mkurugenzi ameupenda mchezo, kwa hiyo aumalizie. Ila yule mwenye nyumba abadilike."

"Abadilike vipi?" dada akauliza.

"Kumbe paa alikuwa analiziba kwa siri, kwa mfuko wake. Wapangaji wanagundua, wanamwomba radhi. Wanalia."

"Wanalia?"

"Sana. Na kila kipande nikipitie mimi kwanza. Ukimaliza, redio basi, hutaandika tena nje. Niahidi mbele ya mzazi wako."

"Ameahidi, bosi," Mama akasema.

"Mama, sijaahidi."

"Amechoka tu huyu. Ameahidi." Mama akamgeukia. "Kwani hilo paa lina ugumu gani? Si unaandika tu limezibwa? Hata msumari hununui."

Nilitaka kucheka, nikaona dada hacheki.

"Halijazibwa," akasema.

"Nani kasema?" Mama akauliza.

"Mimi."

Meneja akacheka kwa niaba ya sote, akatazama saa yake. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. "Haya, kaendelee na kazi. Eh, kabla hujakaa: Ijumaa namwoza binti yangu. Nataka maneno ya baba kwa mwanawe, mafupi, ya kuliza watu. Niyapate kufikia mchana."

Dada akamgeukia. Alikuwa hana hasira, hilo ndilo lililonishangaza.

"Binti ni wako, bosi. Mwambie unavyomjua."

"Ninavyomjua vipi?" akauliza meneja. Aliuliza kweli, akasubiri jibu.

Dada akainuka, akatoka. Mlango wa ofisi ile haubamizwi. Una chuma juu kinachourudisha taratibu, kwa hiyo tulikaa tukiutazama ukijifunga.

"Ameenda kunawa uso," Mama akasema.

"Atarudi tu," akasema meneja. "Watu wa vipaji ndivyo walivyo. Hata mimi niko hivyo." Akaagiza chai, akaanza kumweleza Mama jinsi atakavyoliziba paa, bati kwa bati, na wapangaji wakilia chini. Mama aliitikia kila bati.

Mimi nilikaa upande wa dirisha. Nilimwona dada akivuka uwanja, akamsalimu mlinzi, akatoka getini bila mkoba, bila koti. Akapinda kushoto. Nyumbani kwetu ni kulia, kushoto ni njia ya kituo cha redio. Sikusema kitu, maana hakuna aliyeniuliza.

"Ataingia sasa hivi," Mama akasema, akapuliza chai yake.

Hakuingia. Siku ile wala nyingine.