Kizibo cha Tano

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ilikuwa Ijumaa, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka. Nilikusudia kuzikwa nayo. Lakini jana, mwanangu, nilikutazama ukifungua boksi la pampu mpya ya maji. Karatasi yake ya maelekezo ukaitupa bila hata kuigeuza, ukaniambia, "Baba, hizi tunazijua." Ningefungua mdomo wakati ule ningekutukana. Leo nimepoa kidogo. Sikiliza.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, tukiishi Tindiga. Kijiji kilikuwa na gari moja dogo la kizamani, lenye pua ndefu na taa za mviringo, lililoachwa na meneja wa shamba la mkonge alipoondoka. Tuling'oa kiti cha nyuma, tukatandika godoro, likawa gari la wagonjwa. Injini yake ilipokufa tulingoja mwaka mzima, hadi treni ilipotushushia pale Kilosa kasha la mbao lenye injini mpya, ingali inanukia grisi.

Fundi nilikuwa mimi. Nilitoka chuo cha ufundi na cheti chenye muhuri, nikakitundika ukutani mwa karakana, na akina mama wakanipachika jina la Fundi Cheti. Nilidhani wananisifu.

Nilivunja kasha, nikang'oa vile vizibo vya mpira vinavyozuia vumbi lisiingie kwenye matundu ya injini safarini, nikaifunga injini garini. Kifuniko cha kasha nilikipaka masizi upande mmoja, kikawa ubao wa darasa la watu wazima. Upande wa pili kulikuwa na karatasi imegandishwa. Bi Mwanaidi, mama mmoja aliyekuwa akijifunza kusoma kwa bidii ya kuchosha watu, aliyesoma kila kilichopita mbele yake, magunia ya mbolea, karatasi za sabuni, aliniuliza ile inasema nini. Nikamjibu ni mambo ya bandarini, hayamhusu. Mwenyewe sikuwa nimeisoma.

Injini iliwaka mara moja, watu wakapiga vigelegele. Baada ya dakika kumi ikachemsha, mvuke ukajaa karakana, ikazima. Nikangoja ipoe, nikaongeza maji, nikawasha. Ikachemsha. Nikabadilisha mkanda wa feni. Ikachemsha. Nikasafisha rejeta kwa magadi, ndiyo kwanza ikachemsha mapema zaidi. Nikadandia lori hadi Mikumi, nikabembeleza mafundi wa barabara kuu siku mbili, nikarudi na rejeta nyingine nimeipakata kama mtoto mchanga. Nikaifunga, nikalijaribu gari kwenye njia ya Mikumi. Likachemsha porini, nami nikakaa juani kando yake huku twiga watatu wakinitazama kutoka juu kwa utulivu ambao sijausamehe mpaka leo.

Yote hayo yangekuwa ya kucheka tu, kama si Asha, mkwe wa Bi Mwanaidi. Mtoto wake wa kwanza alimpata kwa kupasuliwa, na daktari wa hospitali ya misheni, kule Berega, alisisitiza kwamba safari hii afikishwe kabla uchungu haujaanza. Siku aliyopangiwa ilikuwa Jumamosi. Lori la ushirika lilikuwa limepeleka pamba Morogoro, na hakuna aliyejua litarudi lini. Uchungu ungemkuta kwenye mkokoteni wa ng'ombe, Mungu apishe mbali, tungezika wawili.

Ijumaa hiyo asubuhi mwenyekiti wa kijiji aliniita mbele ya wazee. Nikatoa hukumu: injini ni mbovu tangu ilikotengenezwa, irudishwe kwa treni ya jioni. Nilieleza kwa maneno ya chuoni ambayo hakuna aliyeyaelewa, na hilo, nisikufiche, lilinifurahisha. Wazee wakaguna. Mwenyekiti akasema basi, ifunguliwe.

Ndipo Bi Mwanaidi akaingia karakana, ubao kichwani. Nilikuwa nimeshika spana.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, Fundi Cheti. Nitue huu ubao nikusomee."

Nikamwambia sina nafasi ya darasa. Aliutua mwenyewe, akaugeuza, akaweka kidole kwenye ile karatasi. Yalikuwa maandishi ya mkono, ya mtunza ghala fulani nisiyemjua. Alisoma silabi moja moja, jasho likimtoka, nami nikichemka kuliko injini.

"To-a vi-zi-bo vi-ta-no ka-bla ya ku-fu-nga." Akainua uso. "Wewe ulitoa vingapi?"

Vilikuwa kwenye kopo, dirishani. Alivihesabu yeye. Vinne.

Nikafungua mpira wa maji pale unapoingia kwenye injini, nikatia kidole ndani ya tundu nililolivalisha mpira ule bila kuchungulia. Kilikuwa humo, kimesukumwa ndani kabisa, cheusi kwa grisi. Siku tisa maji yalikuwa hayapiti, na mimi nilikuwa nimebadilisha rejeta upande wa pili wa mpira huohuo.

Bi Mwanaidi hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Ungekuwa hujui kusoma kama mimi," akasema, "ungeisoma."

Jumamosi alfajiri tuliondoka na Asha, mama mkwe pembeni yake kwenye godoro. Tulipita Kilosa, tukapanda hadi Berega, na injini haikutoa hata pumzi ya mvuke. Asha alipasuliwa salama, akapata mtoto wa kike. Kile kizibo Bi Mwanaidi alikifunga kwenye pindo la khanga, na kila nilipompita sokoni alikifungua akanionyesha.

Sasa nikuambie waziwazi, usije ukasema nilikuficha. Ujuzi wako ndio utakaokufanya uache kutazama. Ukiona kazi inakukatalia, kabla hujakilaumu kifaa, rudi ulipoanzia wewe, utie kidole penye giza. Na akikuuliza swali mtu unayemwona hajui, usimjibu upesi. Mjibu baada ya kwenda kuangalia.

Karatasi ya pampu nimeiokota jalalani, hii hapa. Nisomee, kwa sauti. Na Mungu akujalie mikono yenye subira, na kila unachokifunga kifike salama kinakokwenda.