Karatasi Niliyompelekea Mjomba

Mwanangu, laiti asubuhi ile ningalikataa kazi niliyopewa. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, nami nimemaliza sekondari, ni mkalimani katika ubalozi mdogo wa nchi moja ya mbali, pale Mji Mkongwe. Balozi wetu alikuwa amemgonga mtu kwa gari karibu na Chwaka. Aliyegongwa ni mjomba wangu Makame, mkwezi wa minazi, na mguu wake ulivunjika vibaya. Nikapewa karatasi nimpelekee aitie dole gumba. Walinichagua kwa kuwa mimi ni mpwa wake.

Nilikwenda nimechanganyikiwa. Polisi walisema balozi ana kinga, hashitakiwi. Sasa kama hashitakiwi, karatasi ya nini? Sikumwuliza mtu. Niliona haya, msomi mzima nionekane sijui.

Mjomba alikuwa amelazwa barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kumtazama mkwezi aliyeanguka naye yuko chini?" Akacheka, kisha maumivu yakamkatiza.

Nikamwambia balozi anaomba radhi. Nawe unajua kwetu, anayekuja mpaka mlangoni kuomba radhi harudishwi.

"Nshasamehe," akasema. "Mwambie asihangaike."

Nikakishika kidole chake, nikakitia wino, nikakibonyeza kwenye karatasi, kisha nikatia sahihi yangu pembeni kama shahidi. Hakuniuliza imeandikwa nini, nami sikumsomea. Iliandikwa kwamba hatadai chochote, kwa yeyote.

Miezi ikapita, mguu haukunyooka. Mama yangu, ambaye ni dada yake, akaenda kwa watu wa bima ya lile gari. Mimi nilimsindikiza.

"Kinga ni ya balozi, bibi," karani akamwambia. "Sisi tungelilipa. Lakini ndugu yako ameiacha haki yake mwenyewe, kwa karatasi hii."

Mama akauliza shahidi alikuwa nani. Karani akalisoma jina langu.

Hata leo sijui vyema kinga ile ilianzia wapi na ikaishia wapi. Ninalojua ni kwamba mlango mmoja ulikuwa wazi, na mimi ndiye niliyeufunga.

Basi, mwanangu, mtu akikusamehe kwa adabu yake, usiyageuze maneno yake kuwa hati. Wala usimtilishe mwenzio dole mahali ambapo wewe mwenyewe hujaelewa. Uliza, hata wakikucheka. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kuuliza, na wazee wako wakuage wakiwa radhi nawe.

Mjomba hakukwea tena. Mama alihamia Chwaka kumuuguza, akafia huko. Tangu siku ile ya bima hakukanyaga nyumbani kwangu, wala hakuniita tena mwanawe.