Fundi Aliyeacha Kuvuta Milango

Mdogo wangu ni fundi wa lifti. Nasema "ni," ingawa sasa ingefaa niseme "alikuwa," ila ulimi wangu bado haujazoea na sitaki uzoee. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo wenzake hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Rudia.

Jina hilo alilipata kihalali. Jengo alilokuwa akilihudumia ni la ofisi, ghorofa nane, na lifti yake ni ya zamani, ile ya mlango wa kuvuta kwa mpini. Kila ghorofa ina mlango wake, na kila mlango una komeo kwa ndani. Lifti ikiwa imesimama hapo, komeo linaachia, unavuta unaingia. Lifti ikiwa iko ghorofa nyingine, komeo linabana, hata uvute mpaka bega liteguke mlango haufunguki. Sasa fundi akishayafungua makomeo hayo kuyasafisha na kuyatia grisi, kuna wakati moja linagoma kurudi mahali pake, na ukiutazama mlango kwa nje huoni kitu. Dawa yake ni kuisimamisha lifti kati ya ghorofa mbili, halafu upande ngazi uvute kila mlango kwa mkono wako mwenyewe. Mlango ukikataa kufunguka, salama.

Mafundi wengine huvuta mara moja wakaenda zao. Mdogo wangu alivuta yote minane, akashuka, akanawa mikono, akavaa shati lake safi, halafu akapanda tena kuvuta upya. Siku nyingine alishafika kituo cha basi, akageuza. Mlinzi alikuwa akimwona tu anarudi anamfungulia geti bila kuuliza. Wifi yangu, mkewe, alikuwa na maneno yake: "Mimi sikuolewa peke yangu, wifi. Kuna jengo liliolewa kabla yangu." Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na yeye mwenyewe akicheka nasi, maana si mtu wa makuu. Ni mpole mno, wakati mwingine mpaka ananikera.

Baadaye haikuchekesha tena. Mwaka juzi alianza kukonda. Akawa anarudi kazini mara tatu, mara nne kwa siku, hata Jumamosi ambayo si zamu yake. Siku moja alikuja saluni kwangu, mimi ni msusi, akakaa kwenye kiti cha mteja. Akaniambia, "Dada, nikila naona mlango. Nikiongea na mke wangu naona mlango. Naogopa, na sijui nitaacha lini." Nilimhurumia sana. Ni mimi niliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Nikamwambia, Jumapili njoo kwenye duara.

Duara lilikuwa letu, watu sita, pale pale saluni kwangu Jumapili saa kumi alasiri, siku ambayo sifungui. Tulisogeza viti vya kukaushia nywele ukutani, tukakaa kwa kuzunguka. Aliyetukusanya ni Mwalimu, mstaafu wa jiografia, mwenye vitabu vitatu vya mwanafalsafa mmoja aliyekwisha kufa zamani. Huyo mwanafalsafa tulimwita Mzee wa Kitabu. Mwalimu anasoma ukurasa mmoja, anafunga, tunazungumza. Mafundisho yenyewe yalikuwa mepesi kuyasema: jitazame ulivyo, bila kujihukumu na bila kujitetea, na usimfuate mtu yeyote, hata huyo mzee mwenyewe. Kwa hiyo duara lilikuwa na sharti moja ambalo halikuvunjwa. Hakuna kushauri. Hakuna kumwambia mtu fanya hivi au usifanye vile. Unauliza tu, na mnatazama pamoja. Ukianza "mimi nakushauri," Mwalimu ananyanyua kidole, unanyamaza.

Wala msidhani tulikuwa watu wa kupoteza muda. Mimi nina hasira, kila mtu mtaani anajua. Nilikuwa namkalia kooni mteja akichelewa dakika kumi. Katika duara lile niliulizwa miezi mitatu mfululizo hasira yangu inalinda nini, mpaka siku moja nikaona kwamba naogopa kudharauliwa, na nikalia mbele za watu kama mtoto. Tangu siku hiyo nimepungua. Sikupona, ila nimepungua. Kwa hiyo nililiamini duara, na nilitaka mdogo wangu naye apungukiwe na mzigo wake.

Alikuja. Jumapili mbili za kwanza alisikiliza tu. Ya tatu akaeleza yote, milango, kituo cha basi, Jumamosi zake. Mwalimu akamuuliza, "Unapovuta mara ya pili, ni mlango unaoukagua au ni woga unaoutuliza?" Mdogo wangu akafikiri, akajibu kwamba mlango anakuwa ameshaujua mara ya kwanza. Mimi nikadakia, "Sasa huyo anayekutuma urudi ni nani?" Nilijivunia swali hilo. Akasema, "Hakuna mtu, dada. Ni mimi najitisha mwenyewe."

Wiki iliyofuata aliingia anatabasamu. Alivuta mara moja tu, akaenda nyumbani, akala chakula kikiwa cha moto, akalala. Wifi, ambaye hakujua lolote la duara ila kwamba Jumapili mumewe yuko kwangu, alinipigia simu kunishukuru, sauti yake imejaa machozi. Miezi miwili ile ilikuwa mizuri. Alinenepa. Wenzake walimtania kwamba Rudia amekufa, wamemzika. Naye alitania nao, na mimi nilitembea mtaani kifua mbele, nikijiona nimemponya ndugu yangu kwa mdomo wangu.

Halafu ikaja Jumapili nyingine. Mdogo wangu alianza yeye. Akasema ametazama zaidi, na ameona kwamba hata ile mara ya kwanza ni woga ule ule, umevaa nguo za kazi tu. Makomeo anayatengeneza kwa mikono yake, miaka kumi na tisa, anayajua. Akimaliza anajua amemaliza. Basi kwa nini avute hata mara moja? "Alhamisi sikuvuta," akasema. "Niliandika kwenye daftari nikafunga kazi. Sijawahi kujisikia mwepesi namna ile."

Mwalimu alifumba macho kama mtu aliyepewa habari njema. Pembeni yangu alikaa Nesi, anayefanya kazi chumba cha upasuaji, mama mmoja mkimya. Nikamwona anajisogeza kwenye kiti. "Lakini, kaka," akaanza, "kuvuta mara moja ni..." Mimi nikamkatiza. Nilimshika goti nikamwambia, "Dada, hapa hatushauri." Nilisema kwa upole kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. Nesi akameza maneno yake. Mwalimu akatikisa kichwa kunipongeza, tukaendelea kuutazama wepesi wa mdogo wangu mpaka saa kumi na mbili.

Baada ya majuma matano, karani mmoja wa ghorofa ya pili, mama mwenye umri wangu, alibeba boksi la mafaili kwa mikono miwili. Alivuta mpini kwa kiwiko, akauzuia mlango kwa bega na kuingia kinyumenyume, kama afanyavyo kila siku. Mlango ulifunguka. Lifti ilikuwa ghorofa ya sita. Alianguka hadi shimoni chini. Hakufa. Kiuno kimevunjika, na madaktari wamewaambia watu wake wasitegemee kwamba atatembea.

Mdogo wangu alikuwa ameyatia grisi makomeo hayo siku iliyotangulia. Kwenye daftari la matengenezo, mwandiko wake: milango yote minane imekaguliwa.

Jumapili iliyofuata alikuja mapema kuliko wote. Hakukaa. Alisimama katikati ya viti akasema, "Kampuni wananiambia komeo ni chakavu, lingeweza kugoma lenyewe baada ya ukaguzi. Daftari linaonyesha nilikagua. Nikinyamaza, nimepona. Nikisema kweli, nimekwisha, na watoto wangu wamekwisha nami. Niambieni nifanye nini." Alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa anauliza swali la kutazamwa. Alitaka jibu, kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

Mwalimu akakohoa. "Kaa na swali hilo," akasema. "Usilikimbilie jibu."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilikinyakua kitabu mapajani mwake nikakitupa kwenye beseni la kuoshea nywele. Nilimpa vidonge vyake, nikamwambia mtu anazama na wewe unamwambia atazame maji. Mwalimu aliinuka akakitoa kitabu kwenye beseni, akakipangusa kwa shati lake, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee tu, naye hajui. Ndipo Nesi akasema, taratibu, akiwa ameangalia sakafu: "Mimi kabla mgonjwa hajashonwa nahesabu mikasi na pamba. Nahesabu kila mara, na siogopi kitu. Ni kazi. Ndicho nilichotaka kumwambia siku ile." Hakunitazama. Afadhali angenitazama. Duara lilivunjika hapo, kila mtu akachukua mkoba wake, na halijakaa tena.

Mdogo wangu alikata shauri peke yake. Mimi nilipomuuliza usiku huo kwa simu alisema tu, "Nitaenda kusema, dada. Yule mama ana haki ya kujua." Nilimwambia Mungu amtangulie. Sikumwambia mimi nitasema nini, maana sikuwa nimejiuliza.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika kwenye chumba cha mikutano cha jengo lile lile. Meza ndefu, wakaguzi watatu, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Upande mmoja walikaa watu wa karani, mumewe na dada yake. Upande wa pili mimi na wifi. Mdogo wangu alikuja amevaa suti ya harusi yake, imembana mabega. Alisimama akasema hakuvuta mlango hata mmoja siku ile, na alichoandika kwenye daftari ni uongo. Mume wa karani akaficha uso wake mikononi. Bosi wa kampuni alikunja uso, maana yeye alishapanga hadithi ya komeo chakavu.

Mkaguzi mkuu, mwanamke wa miwani, alipekua daftari nyuma kurasa nyingi. Akasema, "Nimezungumza na mlinzi na wafanyakazi wenzako. Wote wananiambia wewe ndiye uliyekuwa ukirudia kukagua mpaka unachekwa. Mtu kama huyo haachi hivi hivi. Kuna mtu alikuambia uache?"

Nilijua hapo ndipo pa kusimama. Ningesema: ni sisi, ni duara la saluni kwangu, ni mimi dada yake niliyemchukulia kama mgonjwa kwa kufanya kazi yake, na ni mimi niliyemziba mdomo mtu pekee aliyetaka kumrudisha. Isingemwondolea kosa. Lakini angalau wangejua yeye ni mtu wa namna gani. Nikawaza wateja wangu. Nikawaza mume wa yule mama akigeuka kunitazama. Nikawaza mtaa mzima utakavyonisema. Miguu ilikuwa yangu na haikunyanyuka.

Mdogo wangu hakugeuka nyuma. "Hapana, mama," akasema. "Hakuna aliyeniambia. Ulikuwa uvivu."

"Uvivu," yule mkaguzi akarudia, akaandika.

Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na shauri lake lingali mbele ya sheria. Hatujui litaishaje. Siku hizi anatengeneza feni na pasi barazani kwake, watu wanamletea wachache. Mimi napita kila siku ya pili, nampelekea hiki na kile, naye ananipokea vizuri, ananiuliza habari za saluni. Hajawahi kunitajia kikao kile. Angenitukana ningepumua.

Ila kilichonimaliza kilitokea siku ile ile ya kikao, kwenye ngazi, tukitoka. Lifti ilikuwa imefungwa, tulishuka kwa miguu, mdogo wangu ametangulia. Wifi alinishika mkono kwa nyuma, akanong'ona akilia. "Wifi, miaka yote ile nilimlaumu anarudi kazini kupita kiasi. Kumbe alikuwa ananidanganya, na mlinzi na wenzake wanamfichia. Mtu mvivu hivyo, alikuwa anakwenda wapi?"

Nilimtazama mdogo wangu akishuka mbele yetu, suti imekunjamana mgongoni. Ningemwita asimame. Ningesema pale pale, mbele ya mkewe tu, hapakuwa hata na mkaguzi.

"Wanaume, wifi," nikamwambia. "Pole."