Figa la Tatu la Fundi Kirimi

Leo ushauri wangu wa kitaalamu umepasuka mlimani, ukiwa na shehena ya miraa.

Mwezi uliopita nilimshawishi kaka yangu Mutwiri, anayesafirisha miraa kutoka Muthara, abadilishe bomba linalopeleka moshi wa injini kwenye turbo ya pikapu yake. La zamani lilikuwa la chuma cha kumimina, zito, lenye kutu. Nikamchagulia chuma kisichoshika kutu.

(Ndiyo, ninafundisha somo la vyuma.)

Fundi Kirimi wa Kinoru alilichomelea, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, hii yako inang'aa, lakini ikipata moto inapanuka sana. Injini haipanuki hivyo."

Nilimjibu kwa kumweleza kuhusu kutu.

Asubuhi hii likapasuka. Pikapu ikavutwa hadi Kinoru, miraa ikianza kunyauka, na Mutwiri akiinyunyizia maji mbele yangu. Afadhali angenitukana.

Fundi akaenda kwenye meko yake, akaepua sufuria ya chai. Bomba la zamani lilikuwa figa la tatu.

"Sikuitupa. Nilijua utaiulizia."

"Limekaa motoni mwezi mzima?"

"Na haijalalamika, mwalimu."

Lilipopoa akalifunga, na miraa ikaondoka.

Jaribio moja halithibitishi kitu. Huenda kasoro ilikuwa kwenye uchomeleaji. Nilikaribia kusema hivyo, lakini fundi alikuwa bado ameshika sufuria, akitafuta pa kuiweka.

Nikampa bomba langu.

Linafaa sana. Linang'aa. Wenzangu wa vyuma, nisahihisheni. Chai ninayo mkononi.